Tibamtandao ya Mishipa ya Fahamu Majumbani: Kutoka Njoro hadi Vihamba vya Kilimanjaro

Magonjwa ya mfumo wa fahamu, yaani yale yanayoshambulia ubongo, uti wa mgongo na mishipa inayopeleka amri na kurudisha hisia mwilini, yanatofautiana na malaria au homa ya mapafu kwa kuwa mengi kati yake hayamalizwi kwa dozi ya siku chache, bali hukaa na mgonjwa miaka mingi, na miaka hiyo huishiwa nyumbani, chini ya macho ya mke, mtoto au mjukuu, ilhali daktari anayeyafahamu humwona mgonjwa kwa dakika chache tu, mara moja baada ya miezi kadhaa. Mwenye kifafa huanguka jikoni au shambani, si mbele ya daktari. Aliyepata kiharusi, yaani aliyezibikiwa au kupasukiwa na mshipa wa damu ndani ya ubongo, hujifunza upya kutembea uani kwake. Na mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaotokana na kupungua kwa dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, hukakamaa zaidi alfajiri kabla ya kumeza dawa, saa ambayo kliniki bado imefungwa. Ndiyo maana tibamtandao, yaani utoaji wa huduma za afya kwa njia ya simu, picha za video na programu za kompyuta, imepata watetezi wengi katika tawi hili la tiba.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Tathmini ya mzigo wa magonjwa duniani iliyochapishwa mwezi Machi 2024 katika jarida la Lancet Neurology ilionyesha kuwa mwaka 2021 watu bilioni 3.4, sawa na asilimia 43 ya wakazi wa dunia, walikuwa na tatizo fulani la mfumo wa fahamu, kuanzia kipandauso hadi kiharusi. Upande wa watoa huduma, atlasi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 ilikadiria kuwa nchi zenye kipato kikubwa zina wataalamu 7.1 wa mfumo wa fahamu, wakiwamo wapasuaji wa ubongo, kwa kila watu 100,000, ilhali nchi zenye kipato kidogo zina 0.1. Pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa kwa kusomesha madaktari peke yake katika kizazi kimoja, na kwa hiyo swali si iwapo simu itumike au isitumike. Linalohitaji kuchambuliwa ni sehemu gani ya huduma inayoweza kusafiri kwa simu, sehemu gani haiwezi, na ni nani anayebaki na ile isiyoweza. Kwani uzoefu wa miteremko ya Kilimanjaro unaonyesha kwamba mashine imekuwa rahisi kupatikana kuliko mtu wa kusimama kando ya mgonjwa na kuliko kidonge cha mwezi ujao.

Njoro, kata mojawapo ya Manispaa ya Moshi, inafaa kuwa kipimo cha kwanza kwa sababu mkazi wake hawezi kusemwa kuwa yuko mbali na huduma. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi iko mjini humo humo, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kuhudumia Kanda ya Kaskazini yenye mikoa ya Kilimanjaro, Arusha, Tanga na Manyara, iko upande wa juu wa mji, safari fupi kwa daladala. Hata hivyo kilomita hizo chache hazina uzito uleule kwa kila abiria. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kukaa nyuma ya bodaboda bila kushikwa, hawezi kupanda daladala iliyojaa, na akikodiwa bajaji au teksi lazima aende na mtu wa kumwinua, ambaye siku hiyo hataenda kwenye kibarua chake. Kwa mgonjwa wa Rombo, Uru au Machame juu, gharama hizo huongezewa umbali halisi na, wakati wa masika, njia zenye utelezi za kihambani, yaani kwenye mashamba ya familia ya migomba na kahawa, ambazo hata gari haliingii. Hapa pana watu wawili wenye mahitaji tofauti: wa Njoro anahitaji kupunguziwa idadi ya safari, wa juu mlimani anahitaji kuonwa kwa mara ya kwanza, na mpango wowote unaowachanganya utamhudumia mmoja na kumsahau mwingine.

Eneo hili lina sifa adimu barani Afrika ya kujulikana kwa takwimu, na takwimu hizo zilipatikana kwa miguu. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi AMMP, uliwahesabu wakazi wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, nyumba kwa nyumba, na juu ya msingi huo watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza wakajenga mfululizo wa tafiti za ubongo. Utafiti wa Parkinson uliochapishwa mwaka 2008 uliwapata wagonjwa 33 katika wakazi wapatao 161,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na mhudumu yeyote wa afya kwamba wana ugonjwa huo. Utafiti wa kiharusi uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kilichoipita miji mingi ya nchi tajiri. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2013, uliikuta dimentia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kunakomfanya mtu ashindwe kujitegemea, kwa asilimia 6.4 ya wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Wengi wa hao walikuwa majumbani. Hawakuwa kwenye foleni ya hospitali, na hakuna programu ya simu ambayo ingewagundua kama hakuna aliyebisha hodi.

Wazo la kumpelekea mgonjwa daktari badala ya kumngoja si geni mlimani hapa. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, lilibuniwa kwenye miteremko hiyohiyo ya Kilimanjaro, na katika miaka yake ya mwanzo lilitumia ndege ndogo na redio za mawimbi kuziunganisha hospitali za misheni na wataalamu wa Nairobi. Redio ile ilikuwa na mpaka ambao simu ya leo imeuvuka, kwa kuwa iliishia hospitalini, mikononi mwa mganga au sista, na haikuingia chumbani kwa mgonjwa. Ilikuwa pia na faida ambayo simu ya leo imeipoteza: kila upande wa mazungumzo kulikuwa na mtu aliyesomea tiba, aliyejua maana ya swali aliloulizwa.

Neurolojia, yaani elimu ya magonjwa ya mfumo wa fahamu, inaelewana na simu kuliko matawi mengi ya tiba kwa sababu sehemu kubwa ya utambuzi wake hutokana na masimulizi na kuangalia. Mtaalamu huuliza shida ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, upande gani, na baada ya kuanguka mgonjwa alizinduka vipi. Kisha humtazama akitembea, akigeuka, akifunga kifungo cha shati. Haya yote huonekana kwenye kioo cha simu janja. Yasiyoonekana ni yale yanayotaka mkono: ukakamavu wa misuli unaohisiwa pale mkono wa mgonjwa unapokunjwa na kukunjuliwa, mwitiko wa goti likigongwa kwa nyundo ndogo, uwezo wa kuhisi ncha ya pini, na sehemu ya nyuma ya jicho inayoashiria shinikizo ndani ya fuvu. Wakati mwingine ndugu huombwa afanye kipimo badala ya daktari. Lakini kipimo cha kumvuta mgonjwa wa Parkinson mabegani ili kuona kama atajizuia asianguke hakifai kuachiwa mjukuu wa miaka 14, hata kama mtandao uko imara namna gani.

Kwa upande wa kifafa faida ya simu ni ya moja kwa moja zaidi. Ni nadra daktari kumshuhudia mgonjwa akianguka, na ndugu aliyeshuhudia mara nyingi hukumbuka hofu yake kuliko mpangilio wa matukio. Lakini video ya sekunde chache humwonyesha mtaalamu iwapo macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, iwapo mkono mmoja ulitangulia kutikisika, na iwapo tukio lilikuwa kifafa, kuzirai kutokana na tatizo la moyo au mshtuko wa kihisia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulithibitisha kwamba video za simu huongeza usahihi wa utambuzi, na kwamba wataalamu waliobobea walizisoma vizuri kuliko madaktari walio mafunzoni. Video hazikuondoa haja ya mtaalamu. Zilimpa tu kitu cha kutazama. Njia nyingine ni ile ya programu ya maswali, ambamo mhudumu asiye daktari huuliza maswali machache yaliyochaguliwa kitakwimu na simu ikampa uwezekano wa kuwapo kwa kifafa. Programu ya aina hiyo ilijaribiwa kwanza Nepal na India, na baadaye mradi wa EPInA, uliofanya kazi Ghana, Kenya na Mahenge nchini Tanzania, ukaendeleza nyingine iliyojengwa juu ya taarifa za wagonjwa wa Afrika. Mahenge haikuchaguliwa kwa bahati, kwani ndiko daktari Louise Jilek-Aall alikoanzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960, na ndiko ugonjwa huo ulikokithiri kuliko sehemu nyingi za nchi.

Kazi iliyofanywa Hai juu ya dimentia inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko nyingine namna teknolojia inavyopaswa kuanzia kwa mtu na si kwa kifaa. Vipimo vya kumbukumbu vinavyotumika Ulaya humtaka mzee achore saa, aandike sentensi, na ataje tarehe kamili. Bibi wa miaka 80 ambaye hakuwahi kwenda shule hushindwa vipimo hivyo akili yake ikiwa timamu kabisa. Kipimo cha IDEA, kilichoandaliwa na kuhakikiwa Hai na baadaye Nigeria, kiliacha kalamu na karatasi. Mzee huulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani ya juma, na kiongozi wa kijiji ni nani. Hutakiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja. Hurudia maneno aliyosomewa mwanzoni. Na huwekewa mezani njiti nne za kiberiti zilizopangwa kwa umbo fulani, kisha naye apewe zake apange vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo kipimo kikaingizwa kwenye programu ya simu inayoweza kutumiwa na muuguzi au mhudumu wa afya asiye mtaalamu. Njiti ya kiberiti, ambayo iko katika kila jiko la kihambani, ndiyo iliyokifanya kifaa hicho kiaminike; simu ilikuja tu kuhesabu alama na kuzihifadhi. Miradi mingi hufuata njia ya kinyume, ikaletewa kompyuta kibao kwanza na maswali baadaye, na maswali yenyewe yakawa tafsiri.

Lugha nayo ina sehemu yake. Wazee wengi wa mlimani hueleza maumivu yao kwa lahaja za Kichaga kama Kimachame, Kivunjo au Kirombo, na Kiswahili chao hupungua kadiri dimentia inavyozidi, kwa kuwa lugha iliyojifunzwa baadaye mara nyingi ndiyo inayotangulia kuondoka. Daktari aliye kwenye simu huzungumza basi na binti au mkamwana, naye mgonjwa hubaki pembeni akisemewa. Hali hii hutokea kliniki pia, lakini kliniki daktari huweza kumgeukia mzee na kumshika mkono.

Kuhusu Parkinson, jaribio linalotajwa sana ni lile lililoongozwa na daktari Ray Dorsey nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, ambapo karibu wagonjwa 200 waligawanywa makundi mawili, moja likiendelea na huduma ya kawaida na jingine likiongezewa ziara za mtaalamu kwa video nyumbani. Ubora wa maisha haukutofautiana baina ya makundi, lakini kila ziara ya video ilimwokolea mgonjwa dakika 88 na safari ya takriban kilomita 60. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Kilimanjaro yalivyo. Kule kundi la kulinganishwa lilikuwa tayari na daktari na dawa, hivyo simu iliongeza urahisi tu. Huku mbadala wa simu, kwa wale waliogunduliwa Hai, ulikuwa kukaa bila jina la ugonjwa. Tofauti inayoweza kupatikana hapa ni kubwa zaidi, na vivyo hivyo uwezekano wa kushindwa, kwa sababu mazungumzo ya video yanayoisha kwa jina la dawa isiyopatikana humwacha mgonjwa pale pale alipokuwa, akiwa na huzuni ya ziada.

Dawa yenyewe ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa mara kadhaa kila siku, maisha yote, na kuikatiza ghafla ni hatari. Zahanati haina kawaida ya kuiweka, na famasia za mjini huiuza kwa bei ambayo familia ya mkulima wa kahawa na ndizi haiwezi kuibeba mwezi baada ya mwezi. Ndiyo sababu watafiti wamekuwa wakiuchunguza upupu, mmea unaojulikana vijijini kwa kuwasha ngozi, ambao mbegu zake zina levodopa ya asili. Ni uchunguzi halali, ingawa si ruhusa ya mtu kuchuma na kujipimia mwenyewe. Mradi wa TraPCAf, unaozihusisha nchi saba za Afrika ikiwamo Tanzania, umeziweka pamoja hoja za utambuzi, dawa na uelewa wa jamii, mpangilio wenye busara kuliko kuanza na kifaa.

Utafiti mmoja wa Hai, uliochapishwa mwaka 2010, hautajwi inavyostahili katika mijadala ya teknolojia, labda kwa sababu kifaa chake hakina mvuto. Wagonjwa wa Parkinson ambao hawakuwa wameanza dawa yoyote walifundishwa kutembea wakifuata mdundo wa metronomu, kile kidude cha wanamuziki kinacholia kwa vipindi sawa, na mwendo wao ukaboreka: hatua zikarefuka na kasi ikaongezeka. Sayansi yake ni kwamba ubongo uliopungukiwa na dopamini hushindwa kujipigia mdundo wake wa ndani, lakini unaweza kukopa wa nje. Metronomu leo ni programu ya bure inayokaa kwenye simu yoyote janja, haihitaji bando baada ya kupakuliwa, na mtu wa familia anaweza kufundishwa kuitumia kwa mchana mmoja. Kwa mgonjwa wa Njoro anayesubiri dawa, hiyo ni tiba ya nyumbani kwa maana kamili.

Kiharusi ndicho kinachoweka mpaka. Katika saa za mwanzo mgonjwa wa kiharusi hapaswi kubaki nyumbani kwa sababu yoyote ya kiteknolojia, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa bila kipimo cha CT, picha ya mionzi inayotenganisha kiharusi cha kuziba na kile cha kupasuka mshipa. Dalili za nje za aina hizo mbili hufanana mno kiasi kwamba kamera haiwezi kuamua, na tiba ya moja ni sumu kwa nyingine. Simu iliyompa mgonjwa faraja ya kuzungumza na daktari na kumfanya asubiri hadi asubuhi itakuwa imemdhuru. Kazi ya simu wakati huo ni moja, kuita usafiri, na Tanzania ina mfano wake katika m-mama, mfumo wa namba 115 uliobuniwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, ambapo mpokea simu hupanga gari la wagonjwa au, lisipokuwapo, dereva wa jamii anayelipwa kwa fedha za simu. Haijulikani sababu ya kitabibu ya kumnyima babu aliyepinda mdomo ghafla usafiri ambao binti yake mjamzito angeupata.

Kabla na baada ya saa hizo, hata hivyo, kiharusi ni ugonjwa wa nyumbani kuliko yote. Kabla yake kuna shinikizo la damu, ambalo utafiti wa Hai uliwakuta nalo karibu watu saba katika kila kumi wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wengi wao bila kulidhibiti. Mashine ndogo ya kupimia presha, inayosomwa na jirani na vipimo vyake kutumwa zahanati kwa ujumbe mfupi, inaweza kuzuia viharusi vingi kuliko mashine yoyote ya picha. Baada yake kuna kugeuzwa kila baada ya saa chache ili kuepuka vidonda vya kulalia, kulishwa akiwa ameketi wima ili chakula kisiingie kwenye mapafu, na mazoezi ya kiungo kimoja kimoja. Mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kumtumia mtunzaji video, akarudishiwa video ya mtunzaji akifanya, na kumsahihisha; lakini video haimwinui mtu wa kilo 80 kutoka kitandani.

Ushahidi wa mkoani Kilimanjaro unatoa tahadhari nyingine kuhusu vikumbusho. Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu Kilimanjaro, KCRI, ilijaribu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kisanduku cha dawa kinachotuma ishara kila kinapofunguliwa, pamoja na ujumbe mfupi wa kukumbusha, na ufuasi wa dawa haukuonekana kuongezeka kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Katika Idara ya Dharura ya KCMC, mpango wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako huwapa majeruhi ushauri wa ana kwa ana na kisha huwafuata nyumbani kwa ujumbe mfupi. Mpango huo unahusiana na ubongo kwa njia ya moja kwa moja, kwa kuwa majeraha ya kichwa yatokanayo na bodaboda ni mzigo mkubwa wa hospitali hiyo, na pombe haiko mbali nayo. Ukitazamwa karibu, ujumbe katika mpango huu ni mwendelezo wa mazungumzo ambayo mgonjwa alishayafanya na muuguzi anayemfahamu kwa sura. Kwa kifafa, ambacho bado huogopwa kuwa huambukiza kwa mate, mlio wa kukumbusha dawa mbele ya wapangaji wenza wa nyumba za vyumba vya Njoro unaweza hata kuwa sababu ya kuacha dawa.

Mtu huyo wa sura inayofahamika tayari ameanza kuandaliwa. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaokusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, na Zanzibar imetangulia kwa mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake hutembelea kaya wakiongozwa na programu ya simu, hasa kwa afya ya mama na mtoto. Kuongeza maswali machache ya kifafa, presha na kumbukumbu katika orodha kama hiyo ni gharama ndogo. Gharama kubwa ni kile kinachofuata pindi jibu linapokuwa ndiyo, na hapo phenobabito, dawa ya kifafa ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, inapaswa iwe kwenye kabati la zahanati siku hiyo hiyo. Pamoja na dawa kunahitajika mganga anayejua kuitumia, na katika hilo teknolojia ya kawaida kabisa imefanya kazi kubwa: kitabu cha neurolojia barani Afrika cha William Howlett, daktari wa KCMC, kilichotolewa mwaka 2012 na kuruhusiwa kupakuliwa bure, kinaweza kukaa ndani ya simu ya tabibu wa kituo cha afya ambaye hajawahi kukutana na mtaalamu.

Simu anayotumia mgonjwa si lazima iwe yake. Mzee wa mlimani huwa na kiswaswadu, simu ndogo isiyo na video, na simu janja iliyo karibu naye ni ya mjukuu, ambaye huenda shule nayo ikazimwa. Bando hulipwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam au Arusha, ambaye humwona mzazi wake Desemba, wakati wa kurudi nyumbani, na ndiye anayeshtuka kwamba mama amebadilika ilhali waliokaa naye walizoea kidogo kidogo. Kwa hiyo ziara ya video hukusanya watu watatu au wanne: mgonjwa, anayemtunza, anayelipa na daktari. Jambo hili lina manufaa, kwa kuwa mlipaji husikia maelekezo mwenyewe badala ya kuyasikia kwa fununu, na ni vyema hospitali zinazoanzisha huduma hizi ziwe na utaratibu wa kumwalika rasmi. Ziwe pia na saa iliyotengwa kwenye ratiba ya daktari, kwani ushauri unaotolewa kwa WhatsApp usiku, kwa hisani, hauandikwi kwenye faili la mgonjwa, haulipwi na bima, na hukoma daktari anapohamishwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na kumtaka anayezikusanya apate ridhaa ya mhusika. Video ya mtu akitikisika kwa kifafa, nguo zimepanda na mate yakimtoka, ni taarifa nyeti kwa kila maana, na mara nyingi hurekodiwa mhusika akiwa hajitambui. Ridhaa inaweza kuombwa baada ya kuzinduka, na asiporidhia ikafutwa. Kwa mwenye dimentia iliyokomaa hakuna kuzinduka kwa namna hiyo. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kutaka mama arekodiwe ili mtaalamu amwone, na kaka yake anayelala naye nyumba moja Njoro akakataa kwa kuona aibu ya familia, nao wote wawili ni watoto wake kwa haki sawa. Mhudumu wa jamii aliyesimama mlangoni na simu mkononi ndiye anayelazimika kuamua papo hapo amsikilize nani, na mafunzo anayopewa kuhusu programu yanapaswa kuwa na saa kadhaa juu ya hali hiyo.